Namna ya Kumlisha Chatu Anayefugwa Tabora
Chatu, ambaye hafugwi bila kibali cha wanyamapori, alishwe panya bila kumkatakata, kwa kuwa mifupa na maini ndivyo humkamilishia lishe. Na panya huyo asizidi unene wa sehemu pana zaidi ya mwili wa nyoka. Usimpe kamwe panya aliyenaswa ghalani, kwani hapa Tabora panya wa maghala ya mahindi na karanga huwekewa sumu, na sumu hiyo humdhuru nyoka mwenyewe. Panya wa kufugwa aliyegandishwa alowekwe katika maji ya uvuguvugu hadi tumbo lake, ukilibonyeza kwa kidole, lisiwe na ugumu wala ubaridi, kisha umshike kwa koleo ndefu. Chatu akishameza, usimguse kwa saa 48, asije akatapika.