Jaketi la leza la pikipiki la mtumba: shika kwanza, lebo soma mwisho

Jaketi langu la kwanza la pikipiki nilinunua kwa macho. Jeusi, zipu ya kukata upande, kola kubwa, muuzaji ananiambia "kaka hii leza orijino ya Mjerumani", nikatoa elfu 40 bila hata kuligeuza ndani. Masika moja tu likaanza kubanduka mabegani kama rangi ya ukuta uliopanda chumvi, kila nikivua nabaki na vipande vyeusi shingoni utadhani nimeshusha magunia ya mkaa. Leza ni ngozi, na ngozi haikuwepo pale. Ilikuwa kitambaa kilichopakwa poliurethani (PU, aina ya plastiki), na poliurethani inaliwa na joto na unyevunyevu hata ukiitundika kabatini usiivae kabisa. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kukagua, na lebo inakaa mwisho kabisa kwenye utaratibu huo.

Kwanza wapi na lini, maana hapa ndo hela nyingi inapookolewa. Jaketi za leza zinakuja kwenye belo za nguo za baridi kutoka Ulaya, Marekani na Canada, na ni mzigo mzito, belo la kilo 45 likifunguliwa unakuta vipande vichache ukilinganisha na belo la fulana. Kwahiyo muuzaji anayafungua akijua atauza kwa watu wa baridi: Arusha, Moshi, Mbeya, Njombe, Makete. Ukienda soko la Memorial pale Moshi mwezi wa 6 au wa 7 utapigwa bei ya baridi. Nenda Januari jua linawaka uone jaketi lilelile linavyoshuka. Na kuna kitu watu hawakifikirii, Dar. Karume na Manzese jaketi zito la leza linakaa limening'inia wiki nzima linakula vumbi kwasababu nani atavaa kilo tatu za ngozi Buguruni saa nane mchana, wanaoyachukua ni wachache sana, sasa wewe wa mikoani ukija Dar kwa shughuli zako pita huko. Ukiwa Nairobi, Gikomba au Toi, ulizia kamera, ndo wanavyoita mzigo wa kwanza kuchaguliwa belo likishafunguliwa, ila kamera ina bei yake na mimi naona kwa leza haina maana sana. Leza iliyokunjamana rundoni inanyooka, iliyooza hainyooki hata ikiitwa kamera, na jicho la kutofautisha hizo mbili ni la kwako.

Haya, umelishika. Usiangalie mbele. Geuza ndani utafute mahali bitana imechanika, na kwenye mtumba karibu kila jaketi ina mahali imechanika, kwapani au ndani ya mfuko. Hapo utauona mgongo wa ngozi. Ngozi ya kweli kwa nyuma ina manyoyanyoya kama swedi. Plastiki kwa nyuma utaona kitambaa, nyuzi zimefumwa kabisa kama shati. Hii ndo njia ninayoiamini kuliko zote. Watu watakwambia weka tone la maji, ikinyonya ni ngozi, lakini ngozi ya pikipiki mara nyingi imepigwa rangi nzito juu na maji yanateleza tu, utaacha jaketi zuri kwa ujinga wa tone la maji. Kuna wale wa kiberiti pia. Jamani mali ya mtu hiyo, unaunguza jaketi la watu alafu unasema nilikuwa najaribu, utalinunua tu.

Kama bitana ni nzima haijatoboka popote, bonyeza ngozi kwa kidole gumba, ngozi inajikunja mikunjo midogomidogo kuzunguka kidole, plastiki inabonyea tu kama mpira. Alafu angalia vinyweleo. Kwenye ngozi havifanani, sehemu vimesongamana sehemu vimeachana, mgongoni tofauti na mkononi. Ukiona mchoro uleule unajirudia kila baada ya sentimita chache, huo ni mhuri wa mashine. Ila kuwa makini maana kuna ngozi halisi nayo imepigwa mhuri juu, kwahiyo hapo rudi kwenye mgongo wa ngozi. Harufu nayo inasaidia kidogo, ila mtumba wote unanuka dawa ya mtumba kwahiyo pua usiipe kura.

Sasa tuseme ni leza kweli. Swali linalofuata ni gumu zaidi na wengi hawaliulizi: hili ni jaketi la kuendeshea au la kupigia picha? Maana nusu ya jaketi zenye sura ya pikipiki zilitengenezwa kwa watu ambao hawajawahi kushika usukani wa pikipiki. Ngozi ya kondoo laini kama glavu, ukianguka lami inaifungua kama karatasi ya maandazi. Ngozi ya kuendeshea kwa kawaida inaenda milimita 1.1 mpaka 1.4, na kipimo unacho mfukoni, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Tafuta ukingo mmoja usiokunjwa, bana kwa vidole, linganisha na kadi. Ikiwa nyembamba kuliko kadi, hilo ni la harusini. Ng'ombe ni nzito na imara, mbuzi ina vinyweleo vidogo vya karibukaribu ni nyepesi lakini ngumu kuchanika (mimi nikiipata mbuzi siiachi), nyati ina mikunjo mikubwa ya ovyoovyo na sio mbaya ila inachosha mabega.

Alafu angalia ushonaji, jaketi la barabarani linajionyesha lenyewe. Mikono imepinda kidogo tayari hata likiwa limetundikwa, kama mtu aliyeshika usukani. Zipu za mikononi zinazofunga upepo usiingie. Mgongoni juu kuna mikunjo ya kufunguka pale unapoinamia mbele. Kiunoni nyuma, ndani, kuna kipande cha zipu kinachoonekana hakina kazi, watu wanadhani ni zipu iliyoharibika, ile ni ya kuunganisha na suruali yake. Mimi nikiiona ile zipu moyo unaruka, lakini uso naukausha, ukichekelea mbele ya muuzaji umekwisha. Mishono ya mabegani na viwikoni inapita mara mbili au zaidi, na viwikoni kuna ngozi mbili. Chukua mshono mmoja uvute kwa mikono miwili, usione aibu. Uzi ukikatika tiktiktik, ngozi inaweza kuwa nzima lakini uzi umeoza, na jaketi kama hilo ukianguka nalo linafunguka kwenye mishono.

Kukauka nako kuna namna yake. Kunja mkono wa jaketi kwa nguvu. Mikunjo ya kawaida inaonekana alafu inapotea. Ukiona nyufa zinazofunguka mpaka ndani, na unga mwekundumwekundu unabaki vidoleni, hiyo imekufa, hamna mafuta duniani yatakayoifufua na muuzaji akikwambia "ipake tu kiwi" mwambie asante. Ukungu mweupe juu sio shida, unatoka. Mikwaruzo viwikoni na begani upande mmoja ina maana mwenzako huko Ulaya alidondoka nalo, hapo ukague mishono ya upande huo zaidi, na kama ngozi haikutoboka mi nalichukua na bei naishushia hapohapo. Ila ukikuta mkono umekatwa wima na mkasi alafu ukashonwa upya usilichukue, mara nyingi ni watu wa dharura ndo hukata hivyo mtu akiwa chini.

Ndani mabegani na viwikoni pengine kuna sponji za kinga. Zitoe uzione. Zimeandikwa namba ya kiwango cha Ulaya, EN 1621-1, ya mgongo ni EN 1621-2, na namba 1 au 2 ya daraja la kinga, 2 ndo inayopunguza mshindo zaidi, alafu S ni bega E ni kiwiko. Za zamani zinasagika kama biskuti iliyolowa, tupa, mifuko yake ikiwepo utanunua mpya. Jaketi za miaka ya karibuni zina lebo ya EN 17092 yenye picha ya mtu kwenye pikipiki na herufi, AAA ndo ngumu kuliko zote, inafuata AA, alafu A. Ya zamani kutokuwa na lebo hiyo sio kosa, kiwango chenyewe ni cha 2020.

Sasa ndo lebo. Echtes Leder au Rindsleder ni Kijerumani, ngozi halisi, ya pili ni ya ng'ombe. Vera pelle ni Kiitaliano, cuir ni Kifaransa. Kunstleder, simili cuir, PU, hizo ni plastiki kwa lugha nzuri, rudisha. Genuine leather inakwambia ni ngozi basi, haikwambii ni ngozi nzuri. Made in Pakistan isikutishe, Sialkot wanashona ngozi za pikipiki za makampuni mengi ya Ulaya. Ukikuta Made in West Germany basi lilishonwa kabla ya mwisho wa 1990, Yugoslavia na Czechoslovakia nazo zinakupa umri hivyohivyo. Saizi: 50 ya Mjerumani ni kifua cha sentimita 100, sawa na 40 ya Muingereza, yani toa 10 tu.

Majina ya kuyakariri: Hein Gericke, Held, IXS, Dainese, Alpinestars. Na Polo. Hapa kuna raha, maana Wajerumani wana kampuni ya vifaa vya pikipiki inaitwa Polo, haina uhusiano wowote na ile ya fulana za farasi. Muuzaji mmoja aliniambia "hii Polo feki kaka haina farasi, chukua elfu 25 uondoke", ngozi ya ng'ombe, zipu ya suruali ipo, kinga zote nne. Nikatoa hela kimyakimya. Ndani mfukoni nilikuta risiti ya mafuta ya Kijerumani, hadi leo ninayo.

Ukibahatika sana utakutana na jaketi mzee. Kampuni ya Schott ya New York ndo waliotoa Perfecto mwaka 1928, jaketi la zipu ya upande ambalo wengine wote wanaliiga, liliuzwa dola 5.50 na jina ni la siga (ile sigara nene ya majani ya tumbaku) aliyoipenda Irving Schott mwenyewe. Lewis Leathers wa London wapo tangu 1892. Zipu iliyoandikwa Talon ni dalili ya umri kwa jaketi la Marekani, YKK haikusaidii kitu maana ipo kuanzia kwenye jaketi mpaka kwenye begi la shule. Ukilipata hilo usiliendeshee, kuna watu watakupa hela ya pikipiki nusu.

Kabla ya kulipa nenda nje kwa bodaboda aliyepaki, muombe ukae juu kidogo, shika usukani. Mikono ikipanda juu ya kifundo ni dogo, acha. Likikubana ukiwa umesimama lakini ukikaa liko sawa, hilo ndo lako, leza inaachia na mwili. Likiwa kubwa usijidanganye na sweta, kinga ya kiwiko itazunguka siku unayoihitaji.

Zipu ikiwa mbovu usilipeleke kwa fundi cherehani wa mashati, atavunja sindano na kukutobolea mashimo, na mashimo kwenye ngozi hayazibiki. Nenda kwa fundi viatu mwenye mashine ya mkono, na mwambie apitishe sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani. Kusafisha ni kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, usiliroweke, usilianike juani. Ukungu unafutwa na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, alafu kivulini kwenye upepo siku mbili. Baada ya hapo krimu ya viatu isiyo na rangi, kidogokidogo. Mafuta ya nazi na vaselini niliwahi kuweka, limekuwa linanata na kubeba vumbi lote la barabara ya Babati, nimelifuta wiki tatu. Ile harufu ya dawa ya mtumba lifungie kwenye begi na baking soda kwenye soksi usiku mbili tatu, isipotoka fumua bitana uweke mpya, maana mara nyingi harufu inakaa kwenye kitambaa ngozi wala haina habari.