Mkongwe wa pop unataka kurekodi nyimbo za Broadway? Anza hivi

Haya, umeimba pop miaka 20 au 30, hiti zako hata konda wa daladala anazo kichwani, sasa unataka albamu ya nyimbo za tamthilia za muziki, zile za Broadway kule New York na West End kule London. Wazo zuri, ila wengi wameliingia kwa mbwembwe wakatoka na kitu cha kupigwa mapokezi ya hoteli. Mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia akae chini asikilize The Broadway Album ya mwimbaji wa Marekani Barbra Streisand, ya 1985, aisikilize mara tatu nne huku ana kalamu mkononi, maana karibu kila kosa unalotaka kulifanya yule mama alishalikwepa mle.

Streisand hakuwa mgeni wa jukwaa. Alitokea Broadway 1962, akawaka 1964 na Funny Girl, halafu ndo akahamia kwenye filamu na pop, na 1980 akatoa albamu ya Guilty na Barry Gibb wa Bee Gees ikauza balaa. Kwa hiyo 1985 aliposema anarudi kwenye nyimbo za jukwaani wakubwa wa lebo walinuna, kwamba hazina soko, vijana hawataki. Jiandae na hilo, utaambiwa hivyo hivyo. Yeye alichofanya, ugomvi wenyewe akauingiza kwenye wimbo wa kwanza, Putting It Together: unasikia sauti za mabosi wanamkatisha tamaa huku yeye anaimba, na mmoja wa waliocheza ubosi ni David Geffen, ambaye ni bosi wa muziki kwelikweli. Mwanzoni mwa 1986 albamu ikawa namba 1 kwenye chati ya Billboard.

Sasa tuje kazini. Kitu cha kwanza, na hapa ndipo nitakaa sana: wimbo wa jukwaani una mwenyewe. Sio mtunzi, namaanisha yule mhusika anayeuimba ndani ya hadithi. Wimbo wa pop unaweza kuimbwa na yeyote kwa yeyote, huu hapana, umeandikwa mtu fulani amsimulie mtu fulani jambo limetokea dakika mbili zilizopita. Chukua Send in the Clowns ya Stephen Sondheim, toka A Little Night Music ya 1973. Watu kibao wanauimba wakidhani habari za sarakasi. Anayeimba ni Desirée, mwigizaji wa makamo, ndo kwanza amemwomba mwanaume ambaye zamani yeye mwenyewe alimkataa warudiane, na sasa mwanaume kamkatalia. Wale "clowns", yaani wachekeshaji wa sarakasi, ni msemo wa watu wa jukwaani, kwamba onyesho likidoda leteni wachekeshaji. Ukishajua hivyo huwezi tena kuuimba na zile mbwembwe za kupandisha sauti mwishoni, utaona aibu mwenyewe.

Na kuna kitu kingine kwenye wimbo huohuo. Aliyeuimba kwanza ni Glynis Johns, sauti yake tamu lakini pumzi fupi, hawezi kushikilia noti ndefu. Sondheim akamshonea wimbo kama fundi anavyoshona gauni: sentensi fupi fupi, maswali maswali, kila baada ya maneno machache kuna mahali pa kuvuta hewa. Kwa mkongwe hii ni dhahabu, pumzi zako sio zile za miaka ya ujana na wala usijidanganye. Kwa hiyo ukichagua nyimbo chukua karatasi ya maneno, weka alama pale unapopumua ukiongea kawaida, halafu uone kama melodia inakuruhusu. Isipokuruhusu, achana nao hata kama unaupenda vipi.

Usiogope wimbo wa jinsia nyingine au umri mwingine. Streisand aliimba Being Alive, ambao kwenye tamthilia ya Company anauimba mwanaume mseja wa miaka 35. Akaimba pia Not While I'm Around toka tamthilia ya Sweeney Todd, kule jukwaani ni kijana anamwapia mama mmoja kwamba atamlinda, na mama mwenyewe ndiye anayeoka pai za nyama ya watu!! Ukiutoa kwenye mchezo unabaki wimbo wa kubembeleza mtoto, ni sawa tu, ila uamue wewe, usiwe hujui ulichokitoa.

Maneno je? Hapa watu wanaumia. Marekani ukitaka kufanya kava, yaani kurekodi upya wimbo wa mwingine ambao ulishatoka kwenye rekodi, kuna laisensi ya kisheria, unalipa kiwango kilichopangwa kwa kila nakala, mtunzi hawezi kukuzuia. Unaruhusiwa kuupangilia kwa staili yako, ila kubadilisha melodia ya msingi au kuandika maneno mapya, hapo mpaka ukaombe. Streisand alienda kwa Sondheim mwenyewe. Putting It Together kwenye mchezo unahusu mchoraji na shida za kutafuta hela za kazi yake, mzee akamwandikia upya ukawa wa biashara ya rekodi. Kwenye Send in the Clowns mama alihisi kuna pengo, maana jukwaani katikati kuna maigizo ambayo msikilizaji wa nyumbani hayaoni, akaomba nyongeza, akapewa. Wewe labda mtunzi wako alishakufa, basi utaongea na kampuni inayosimamia haki zake, na uanze miezi kadhaa kabla ya studio. Na ukija kuzipanda jukwaani na mavazi na hadithi yake, hiyo ni ruhusa nyingine kabisa.

Kii, yaani wimbo unaimbwa juu au chini kiasi gani. Shusha. Mara ngapi nimekaa studio na wakongwe, mmoja mzee wa dansi alikataa katakata kushusha kii ya wimbo alioutoa akiwa kijana, teki ya kwanza, yaani jaribio la kwanza la kurekodi, sauti ikapasuka, ya pili ikapasuka, ya tatu akatoka nje kunywa chai, kurudi tukamshushia nusu toni mbili bila kumwambia na akasema "mnaona, ilikuwa kuchangamka tu". Sijamwambia mpaka leo.

Mpangilio wa vyombo usiufanye makumbusho, na usiufanye disko pia. Mpangaji muziki Peter Matz alimfanyia Streisand okestra za maana kwenye sehemu kubwa ya albamu, lakini Somewhere ya West Side Story ikaenda kwa prodyuza David Foster na sintesaiza zake za 1985, na Can't Help Lovin' That Man, ya tangu 1927, ikapata harmonika ya Stevie Wonder. Mimi zile sintesaiza leo zinanisikika zimechakaa kidogo, harmonika bado mbichi kabisa. Hela ikiruhusu imba na wapigaji mkiwa chumba kimoja bila metronomu, ile mashine ya kugonga mapigo, masikioni, kwa sababu nyimbo hizi zinasubiri, mhusika anafikiri, anasita, na mashine haijui kusita.

Kwenye maiki sogea. Hizi nyimbo nyingi zilitungwa enzi sauti inarushwa mpaka siti ya nyuma kabisa, sasa wewe una maiki sentimita 20 toka mdomoni, ukirusha hivyo unamfokea mtu sebuleni kwake. Ongea kwanza maneno yote mara moja bila muziki, kama unamwambia mtu mmeketi naye meza moja, rekodi hiyo, isikilize, ndo uimbe. Miksi nayo iache pumzi zako zisikike, injinia akianza kuzifuta moja moja mshike mkono.

Mpangilio wa nyimbo uufanye mwisho, ukiwa na teki zote mezani. Streisand alifungua na ule ugomvi na mabosi, akafunga na Somewhere.