Namna ya Kuandika kwa Uwazi Programu Inayosoma Orodha za Korosho

Taarifa za korosho zinazopokelewa ghalani katika vyama vya msingi vya Mtwara na Lindi hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya mnada: karani huziandika daftarini, mwenzake huzihamishia kwenye kompyuta, na nyingine hufika kwa ujumbe wa simu. Mwenye ujuzi kidogo wa Python, lugha ya kuandikia programu, hupewa kazi ya kuandika programu fupi ya kusoma orodha hizo na kujumlisha kilo. Programu hiyo hutumika tangu minada inapofunguliwa, kisha hulala miezi mingi. Msimu mwingine ukifika, muundo wa orodha umeshabadilika, na anayeifungua huenda si yule aliyeiandika. Kwa sababu hiyo, mtindo unaofaa ni ule unaomwezesha msomaji kuuweka mstari wa orodha kando ya msimbo na kuona kila sehemu ya mstari inasomwa wapi.

Tuchukue mstari wa mfano:

14/11/2024; Nanyamba; daraja la kwanza; kilo 1,240

Mwandishi mwenye haraka angeweza kuijumlisha orodha nzima hivi:

j = sum(int(x.split(";")[3].split()[1].replace(",", "")) for x in open("mizigo.txt") if "kwanza" in x)

Msimbo huu unatoa jibu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Namba 3 na 1 hazisemi zinachukua nini, na karani akiongeza safu ya jina la chama mwanzoni, namba hizo zitaelekea kwenye kitu kingine. Neno «kwanza» linatafutwa katika mstari mzima badala ya kutafutwa kwenye safu ya daraja, hivyo ghala lenye neno hilo katika jina lake litahesabiwa hata kama mzigo wake ni wa daraja la pili. Lililo baya zaidi ni kwamba mstari ulioandikwa «daraja la 1» utarukwa kimyakimya, na jumla itapungua bila mtu yeyote kuonywa. Programu inayokoma kwa kosa inaudhi, lakini programu inayopunguza kilo za mkulima pasipo kusema neno haifai kabisa.

Anza, basi, kwa kuipa kila safu jina lake, na kwa kutenga kazi ya kusoma na kazi ya kujumlisha:

def soma_mstari(mstari):
    tarehe, ghala, daraja, uzito = mstari.split(";")
    return {
        "tarehe": tarehe.strip(),
        "ghala": ghala.strip(),
        "daraja": daraja.strip().lower(),
        "kilo": soma_kilo(uzito),
    }

def soma_kilo(uzito):
    tarakimu = uzito.lower().replace("kilo", "")
    tarakimu = tarakimu.replace(",", "")  # koma hutenga maelfu
    return int(tarakimu)

Mstari wa pili wa msimbo huu unafanana na mstari wa orodha yenyewe, na ni mlinzi pia, kwa kuwa safu zikizidi nne au zikipungua Python itakataa kuendelea. Vigeu vimepewa majina ya Kiswahili yanayotumika ghalani, jambo ambalo naliunga mkono mradi lugha mbili zisichanganywe ndani ya jina moja. Daraja nalo lilinganishwe na orodha ya madaraja yanayokubalika, ili «daraja la 1» likitokea lisemwe badala ya kurukwa.

Uzito unastahili uangalifu wa pekee. Wengi hukimbilia float (namba yenye desimali) kwa kudhani kuwa ni salama kuliko int (namba kamili), ilhali kwa kazi hii mambo ni kinyume chake. Karani akiandika 1.240 akikusudia kilo elfu moja mia mbili na arobaini, float itaipokea kama kilo moja na ushei, na hakuna atakayejua. Int itaikataa papo hapo. Ikiwa mizani ya ghala hutoa nusu kilo, amueni kwanza nukta na koma zina maana gani katika orodha zenu, kisha uamuzi huo uandikwe kwenye maelezo ndani ya msimbo, kama nilivyofanya hapo juu kuhusu koma.

Ikiwa safu zenyewe zinaweza kuwa na alama ya kutenganisha ndani yake, huku zikiwa zimefungwa kwa alama za nukuu, usijitungie njia yako. Tumia moduli ya csv inayokuja na Python.

Ruwaza za kutafutia maandishi, yaani rejeksi, ziachiwe maandishi yasiyo na safu, kama vile ujumbe wa simu usemao «Leo tumepokea 1,240 kg Nanyamba». Hata hapo ruwaza haina sababu ya kusongamana. Python inaruhusu kuiandika kwa mistari kadhaa yenye majina na maelezo:

ruwaza = re.compile(r"""
    (?P<kiasi> \d[\d,]* )    # tarakimu na koma
    \s*                      # nafasi, au hakuna
    (?P<kipimo> kg | kilo )
""", re.VERBOSE | re.IGNORECASE)

Kumbuka tu kwamba katika hali ya VERBOSE nafasi tupu ndani ya ruwaza hazihesabiwi, hivyo nafasi unayotaka itafutwe iandikwe kwa \s.

Mwongozo wa mtindo wa Python uitwao PEP 8, uliotolewa mwaka 2001, unashauri mistari isizidi herufi 79. Ni ushauri mzuri, lakini mstari wa herufi 60 wenye hatua tano zilizobanana bado hausomeki, kwa hiyo hesabu hatua kabla ya kuhesabu herufi.

Mwisho ni kitanzi, yaani hatua zinazorudiwa kwa kila mstari, kinachosoma faili. Mstari mbovu usiisimamishe kazi nzima, wala usimezwe:

with open("mizigo.txt", encoding="utf-8") as faili:
    for namba, mstari in enumerate(faili, start=1):
        if not mstari.strip():
            continue
        try:
            mizigo.append(soma_mstari(mstari))
        except ValueError as kosa:
            mibovu.append((namba, mstari, kosa))

Orodha za mizigo na mibovu zitangulizwe zikiwa tupu kabla ya kitanzi. Kazi ikiisha, chapisha kwanza mistari mibovu pamoja na namba zake, kisha jumla, ili karani airudie daftari yake na kusahihisha kabla takwimu hazijapelekwa kwenye chama kikuu.