Modemu ya Simu ya Mezani: Kuiwasha, Kuijaribu na Kuiunganisha

Ukiikuta modemu ya zamani, kile kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, kwenye meza ya vifaa vya mtumba Kariakoo, usiulize kasi yake kwanza. Uliza adapta yake iko wapi, kisha uigeuze usome lebo. Zilizotoka Marekani mara nyingi huja na adapta ya volti 120, na soketi ya nyumbani Dar inatoa 230. Kigeuza-pini hubadilisha umbo la plagi tu, volti zinabaki zilezile; transfoma ya adapta itanuka plastiki kabla hujafika kwenye kibodi. Tumia stepudauni (kifaa cha kushusha volti) ya 230 kwenda 110, au tafuta adapta nyingine yenye matokeo sawasawa na yale yaliyoandikwa mgongoni mwa modemu.

Hapo kuna mtego wa pili. Modemu nyingi zinazokaa nje ya kompyuta, zikiwemo za kampuni ya US Robotics kadhaa, zinataka umeme wa AC na si wa DC. Ukiichomekea adapta ya DC kwa kuwa pini imeingia vizuri, taa zinaweza kuwaka lakini baadhi ya modemu zikashindwa kutengeneza volti hasi ya upande wa RS-232, yaani tundu la siriali linaloongea na kompyuta. Matokeo yake modemu inaonekana nzima na kompyuta haisikii chochote, na mtu anamaliza jioni nzima akilaumu programu.

Sasa kebo ya kompyuta. Nyuma ya modemu kuna tundu la pini 25. Kompyuta ya zamani ina la pini 9. Kebo inayotakiwa ni ya moja kwa moja, ya modemu. Ile inayovuka, ya kuunganisha kompyuta mbili, ina umbo lilelile lakini haitafanya kazi. Laptopu ya leo haina tundu hilo kabisa, kwa hiyo ongeza adapta ya USB kwenda siriali. Modemu ya kadi ya ndani iache kwanza: nyingi hutegemea draiva kufanya nusu ya kazi, na draiva zenyewe ziliishia kwenye Windows za zamani.

Kwenye Linux fungua programu ya minicom kwa kifaa /dev/ttyUSB0. Ukikataliwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout, toka, ingia upya. Kwenye Windows programu ya PuTTY inatosha, ukichagua namba ya COM. Weka kasi 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Andika AT, bonyeza Enter. Modemu ikijibu OK, ni nzima. Usipoona jibu lolote, au ukiona herufi zisizosomeka, kagua kebo na kasi kwanza. Kisha AT&F irudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na ATI3 ikuambie ni modemu gani; kila mtengenezaji ana jibu lake. ATM0 huzima spika, lakini usiizime bado. Sikio lako ndilo kipimo kitakachokusaidia zaidi hapa.

Kabla ya kugusa laini ya simu, jaribu modemu mbili mezani. Chukua kebo moja ya simu ya RJ-11, unganisha tundu la LINE la modemu moja na la LINE la nyingine. Si la PHONE. Upande wa kwanza andika ATX1D, upande wa pili andika ATA upesi. ATX1 inaiambia modemu isisubiri mlio wa laini iliyo tayari kupigwa (dial tone), kwa sababu hapo hakuna kituo cha simu cha kuutoa. Modemu nyingine hukataa kwa kuwa laini haina mkondo. Kwa hizo, mafundi huweka betri ya volti 9 na rizista ya takribani ohm 300 kwenye waya mmoja.

Sikiliza. Upande unaopokea hutoa mlio mmoja mwembamba wa Hz 2100. Ukitega sikio utausikia ukigugumia takriban mara mbili kwa sekunde. Halafu unakuja mvumo kama mvua juu ya bati, kimya, na neno CONNECT. Mvumo ukirudiarudia kabla ya CONNECT, modemu zinashusha kasi kwa sababu njia ni chafu. Ukisikia mlio mmoja tu halafu kimya, upande wa pili hausikiki: kagua kebo.

Usitegemee kilobiti 56. Kasi ile ya V.90 ya mwaka 1998 hupatikana pale tu upande wa mtoa huduma umeunganishwa kidijitali moja kwa moja. Modemu mbili za kawaida huishia biti 33,600 kwa sekunde, yaani faili la megabaiti moja kwa dakika nne na zaidi kidogo. Picha moja ya simu ya leo itakuweka kwenye kiti.

Laini halisi ya shaba ukibahatika kuwa nayo, pima kwanza kwa multimita: bila kupokea simu iwe karibu volti 48 DC. Simu ikiita hupanda hadi volti 90 hivi za AC, kwa hiyo usishike nyaya tupu. Ondoa simu zote zinazoshiriki laini, na kagua kisanduku cha ukutani. Nyumba za karibu na bahari, Masaki au Kigamboni, chumvi ya hewa hula viungio vya shaba hadi vinageuka kijani. Kata, vua, unganisha upya. Ukisikia mikwaruzo kwenye simu ya kawaida baada ya mvua, maji yameingia kwenye kiungio, na modemu itaangusha kasi au kukata kabisa.

Ofisini kwenye swichibodi, uliza kwanza kama tundu ni la analogi. Laini ya kidijitali ya swichibodi inaweza kuua modemu. Ikiwa ni analogi, piga kwa ATX3DT9, (koma ni sehemu ya amri) kisha namba. Tisa ni ya kutoka nje, koma ni kusubiri sekunde mbili. Namba ya Dar ikipigwa kutoka mkoani huanza na 022.

Kisanduku cha kupigia simu kupitia intaneti nacho kinakubali, kwa masharti: kodeki (namna ya kufunga sauti) iwe G.711 (PCMA), uzimaji wa kimya, yaani kuacha kutuma pasipo na sauti, usiwepo, na kasi uishushe. US Robotics za zamani hushuka hadi 14,400 kwa AT&N8. Simu ya mkononi usijaribu: GSM hubana sauti ya binadamu, na mvumo wa modemu haupiti salama.

Majibu ya modemu yasome kama yalivyo. NO DIALTONE ni laini imekufa, au mlio wa swichibodi usioeleweka, jaribu ATX3. BUSY haihitaji maelezo. NO CARRIER mara nyingi ni upande wa pili kutokupokea kama modemu, au kelele, au subira kuisha; ATS7=90 huongeza sekunde za kungoja.

Kupitisha intaneti kwenye Linux kwa programu ya pppd, andika AT&D0 pande zote kabla ya kupiga, la sivyo ukifunga minicom simu inakatika. Baada ya CONNECT toka kwa Ctrl-A kisha Q, ili modemu isipewe amri ya kuanza upya. Upande wenye mtandao:

sudo pppd /dev/ttyUSB0 115200 crtscts local noauth nodetach 192.168.7.1:192.168.7.2

Upande mwingine:

sudo pppd /dev/ttyUSB0 115200 crtscts local noauth nodetach noipdefault

Ping 192.168.7.1 ikijibu, mmeunganika. Kufika nje kunahitaji upande wa kwanza upitishe pakiti, na upande wa pili uongezewe neno defaultroute.

Ukimaliza, funga pppd kwa Ctrl-C, fungua minicom bila kuanzisha modemu upya, subiri sekunde moja, andika +++ bila Enter, subiri sekunde nyingine, kisha ATH. Na masika radi zikianza kunguruma, chomoa waya wa simu pamoja na wa umeme. Radi hupitia popote palipo na shaba, hata swichi ikiwa imezimwa.