Nepal kwa miguu: panga kwanza utalala wapi

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro. Masika yakianza na mlima wetu ukapungua watu, huku Nepal ndiyo kwanza msimu wa kupanda umeiva, na hapo ndipo ninapokwenda. Watanzania na Wakenya wanaotaka kuja wananiuliza swali moja: siku ngapi za mahekalu ya Kathmandu, siku ngapi za milimani? Ninawaambia wasigawanye hivyo. Kwetu ukishavuka geti la Marangu humkuti mtu anayeishi huko juu. Utakutana na wageni, waongozaji na wapagazi tu. Nepal njia inakatiza vijijini, mbele ya milango ya watu, kando ya mashamba na monasteri, hadi karibu mita 4,000. Kwa hiyo siku ambazo mwili unazihitaji kuzoea hewa nyembamba ndizo hizo hizo za kukaa na watu na kuona wanavyoishi. Chukua karatasi, andika utalala mwinuko gani kila usiku. Mengine yote yatafuata hapo.

Njia ninayoipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza ni bonde la Langtang, kaskazini mwa Kathmandu, karibu na mpaka wa Tibet. Najua wengi wanaiota Everest. Lakini kufika huko wengi hutumia ndege ya kwenda Lukla, uwanja ulio mita 2,860 wenye njia ya kurukia ya mita 527 tu, na ukungu ukishuka ndege hazitoki. Watu hukwama huko siku nzima, wakati mwingine kadhaa. Misimu yenye watu wengi, ndege nyingi huondokea Manthali badala ya Kathmandu, na huko unafika baada ya saa kadhaa za gari usiku wa manane. Mtu mwenye likizo ya wiki mbili hana siku za kupoteza namna hiyo. Langtang unafika kwa basi au jipu: karibu kilomita 120 hadi Syabrubesi, ila zihesabu kuwa siku nzima, kwa kuwa barabara ni ya korongo na maporomoko ya udongo ni ya kawaida.

Kuhusu majira, chagua Oktoba na Novemba kama unataka anga safi, au Machi hadi Mei kama unataka misitu ya rododendroni ikiwa imechanua mekundu. Juni hadi Septemba ni mvua kubwa, njia zinateleza na zina ruba. Dashain, sikukuu kubwa kuliko zote nchini, hufuata kalenda ya mwezi na huangukia Septemba au Oktoba. Familia zote husafiri kwenda makwao, na mabasi hujaa kama ya Moshi mwezi Desemba. Angalia tarehe zake kabla ya kukata tiketi.

Sasa usiku kwa usiku. Syabrubesi iko karibu mita 1,500. Siku ya kwanza ya kutembea unapanda ndani ya msitu kando ya mto hadi mahali panapoitwa Lama Hotel, takriban mita 2,400. Ratiba nyingi zinazouzwa mjini zinakupeleka kesho yake hadi kijiji cha Langtang, mita 3,430. Hiyo ni zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, na siikubali. Kanuni ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku mmoja usiuzidi uliotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike mahali pamoja. Kwa hiyo lala kwanza Ghoda Tabela au Thyangsyap, zote zikiwa mita 3,000 na kidogo. Kesho yake ufike Langtang mapema, mchana wote uwe wako. Baada ya hapo nenda Kyanjin Gompa, mita 3,870, ulale huko usiku usiopungua mitatu.

Kyanjin ni kama Horombo kwa wanaopanda njia ya Marangu: mahali pa kutulia siku moja zaidi ili mwili ushike. Panda hadi kilele kidogo cha Kyanjin Ri, halafu urudi ulale chini. Mwenye nguvu apande Tserko Ri, karibu mita 5,000, lakini siku ya pili au ya tatu, na aanze alfajiri. Siku ya mapumziko nenda monasteri yenyewe, kisha kiwanda cha jibini ya maziwa ya yaki, kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi. Kuteremka hadi Syabrubesi kunachukua siku mbili.

Ugonjwa wa mwinuko hauangalii ujana wala mazoezi. Pale Kyanjin kila pumzi inakupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Kichwa kikiuma, chakula kikikataa, usingizi ukikimbia, usipande zaidi mpaka upone. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, mteremshe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kuna wanaotumia Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko. Zungumza na daktari wako kabla ya safari, wala usiitumie kama ruhusa ya kukimbia. Pole pole ile ile ya Kilimanjaro ndiyo inayofikisha watu huku.

Tangu Aprili 2023 serikali ya Nepal inataka mgeni atembee na mwongozaji kutoka kampuni iliyosajiliwa katika njia nyingi, Langtang ikiwamo. Mimi ningemchukua hata bila sheria. Yeye ndiye atakayekukalisha jikoni na mama mwenye loji, akutafsirie mnachozungumza, na ajue bomba lipi la maji limeganda. Andaa takriban dola 30 kwa siku kwa mwongozaji na dola 20 na zaidi kwa mpagazi, pamoja na bakshishi mwishoni.

Kwa wapagazi ninaomba msomaji asimame hapa kidogo. Nilibeba mizigo kabla sijaongoza, na mabega yangu yanakumbuka. Kilimanjaro tuna kikomo cha kilo 20 kwa mzigo anaobebeshwa kila mpagazi, na mizani ziko getini. Nepal mizani ya namna hiyo huioni, na utakutana na vijana wanaobeba mizigo mikubwa kuliko miili yao, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Basi mizani iwe wewe. Kabla hamjaondoka Kathmandu, iulize kampuni: huyu mpagazi ana bima? Atalala wapi, atakula nini, nani atamlipa akiugua njiani? Mtazame miguuni na mgongoni, ana viatu na koti la baridi? Pima begi mbele yake. Watu wawili wakimtumia mpagazi mmoja, kila mmoja apunguze mizigo hadi isizidi kilo 10. Akiugua kwa mwinuko, yeye naye anateremshwa na mtu wa kumsindikiza, hatumwi peke yake. Kampuni inayojibu maswali haya kwa kusitasita, achana nayo, hata kama bei yake ni nzuri.

Wenyeji wa bonde la juu ni watu wenye asili ya Kitibeti, na wa bonde la chini ni Watamang. Wengi ni Wabudha. Utapita kuta ndefu za mawe yaliyochongwa sala. Zipite ukiwa umeziacha kulia kwako, na stupa, yaani minara ya ibada ya Kibudha, zizunguke hivyo hivyo, mwelekeo wa saa. Usikalie mawe hayo, usitupe takataka kwenye moto wa jikoni, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ndani ya monasteri. Mwanamke aliyekuzidi umri mwite didi, mwanamume dai. Kwa desturi bondeni humo hawachinji, kwa hiyo nyama yoyote iliyoko juu imebebwa kutoka chini na huenda imekaa siku nyingi. Kula dal bhat, yaani wali, dengu na mboga, na sahani inaongezwa mpaka ushibe. Mwislamu hatapata tabu akishika vyakula vya mboga. Kwenye loji za chini uliza kama kuna dhindo. Ni ugali wa unga wa ulezi au ngano nyeusi, unaliwa kwa mkono, na wenyeji hufurahi sana kumwona mgeni anayejua kuumega.

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.8 liliua karibu watu 9,000 nchini Nepal. Hapa Langtang barafu na mawe yaliporomoka kutoka juu na kukifunika kijiji karibu chote. Zaidi ya watu 200 walifariki, wenyeji na wageni. Njia inapita juu ya kifusi hicho, na pana ukumbusho wenye majina. Pita kimya. Wengi wanaokupikia chai wamezika jamaa zao pale, na wapo ambao hawakupata hata mwili wa kuzika. Wakitaka kusimulia, wasikilize, kamera ikiwa mfukoni. Fedha zako za kulala na kula ni sehemu ya jinsi walivyojenga upya, hivyo kula palipo na kitanda chako, usiombe kupunguziwa bei ya chai.

Bonde la Kathmandu lina makundi saba ya majengo yaliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1979. Kabla ya kupanda, chukua mawili tu: stupa ya Boudhanath wakati wa jioni, waumini wanapoizunguka, na Pashupatinath kando ya mto Bagmati. Ndani ya hekalu kuu la Pashupatinath wanaingia Wahindu tu, na ukisimama ng'ambo ya mto utaona maiti zikichomwa. Ni mazishi ya watu. Usielekeze simu huko. Mji wa kale wa Bhaktapur, bondeni humo humo, uache mpaka urudi kutoka milimani. Lala humo usiku mmoja au miwili, uone hekalu la Nyatapola lenye paa tano, la mwaka 1702, asubuhi kabla ya mabasi ya watalii, na ule mtindi wao mzito uitwao juju dhau kwenye bakuli la udongo. Tiketi ya mgeni kuingia mjini humo ni rupia 1,800.

Makaratasi ni mepesi. Mtanzania na Mkenya hupata viza uwanjani Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Pasipoti za nchi kadhaa, zikiwamo Ethiopia na Somalia, zinahitaji viza kabla ya kusafiri. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hifadhi ya Langtang inatoza rupia 3,000 na kadi ya TIMS, ya kuwasajili wanaotembea milimani, rupia 2,000; kampuni itakushughulikia. Fedha za njia nzima zitoe Kathmandu, taslimu, noti ndogo ndogo. Mfuko wa kulalia na koti zito utavikodi mtaa wa Thamel, lakini buti njoo nazo, ukiwa umezivaa nyumbani wiki nyingi. Soma bima yako mstari kwa mstari: nyingi zinazouzwa kwetu zinaishia mwinuko wa chini, nawe unataka inayofika mita 5,000 na kulipia helikopta.

Ukijumlisha yote utapata kama siku 14. Nunua viza ya siku 30 hata hivyo, na kati ya siku ya kurudi Kathmandu na ndege ya kwenda nyumbani acha siku mbili tupu. Barabara ya Syabrubesi ikifungwa, utazihitaji. Isipofungwa, zimalizie Bhaktapur.