Vifaranga vya tilapia vikifa siku chache baada ya kuhamishwa

Msimu wa baridi ukifika hapa Lubumbashi, malalamiko ni yale yale: vifaranga vilifika vizima, vikaogelea siku tatu nne, kisha vikaota utando mweupe kama pamba na kuanza kufa. Wengi hulaumu maji ya bwawa. Mimi huuliza kwanza siku ya kuhamisha ilikuwaje.

Samaki akinaswa na wavu na kubanwa ndooni, mwili wake hutoa adrenalini papo hapo, na dakika chache baadaye kortisoli hupanda. Homoni hizo humpa nguvu ya kujiokoa. Ubaya huanza zisiposhuka. Kwa samaki, kortisoli hutengenezwa kwenye figo ya mbele, nyuma tu ya kichwa, na humo humo ndimo zinamozaliwa chembe za damu zinazopigana na magonjwa. Yaani kinga inaishi nyumba moja na homoni inayoizima! Kortisoli ikikaa juu siku nyingi, chembe hizo hupungua na kingamwili hutengenezwa kidogo. Ongeza ute wa ngozi uliokwanguliwa na wavu. Ukungu wa Saprolegnia na bakteria wa Aeromonas wamo majini siku zote, nao hupata mlango.

Juni na Julai hali huwa mbaya zaidi. Tilapia hustawi maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30; usiku wa baridi kinga yake hulegea, huku ukungu ukistawi. Ukiweza kungoja hadi Septemba, ngoja. Najua mwenye deni hawezi kungoja kila mara.

Ukilazimika, usilishe vifaranga saa 24 kabla ya safari, kwa sababu kinyesi huchafua maji. Tumia wavu laini usio na mafundo, lowesha mikono. Chumvi gramu 3 hadi 5 kwa kila lita ya maji ya kubebea husaidia, maana samaki aliyeshtuka hupoteza chumvi ya mwilini. Ukifika, acha mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20, kisha mimina ndani yake maji ya bwawa kidogo kidogo.

Halafu viache. Kuvivua kila baada ya siku mbili ili kuvipima kunaipandisha kortisoli upya. Kwa wiki mbili tazama tu, hasa alfajiri: vikihema juu ya maji, oksijeni imepungua; punguza chakula na ingiza maji mapya siku hiyo hiyo.