Kupima sukari nyumbani kwa stripu chache

Stripu, vile vijiti bapa vya kupokea tone la damu vinavyochomekwa kwenye mashine ya kupimia sukari, ni ghali, ndiyo maana wagonjwa wengi ninaowahudumia hupima siku ya kliniki tu. Siku mbili kabla wameshaacha chai ya sukari, wamekula mchicha, mashine inasoma vizuri, tunapongezana. Kisha yanakuja majibu ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, na siri yote inatoka nje. Kama huna stripu za kuchezea, fuata utaratibu huu.

1. Kagua kopo. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukitoa stripu moja funga kifuniko papo hapo, maana unyevu huziharibu. Usiziweke jikoni karibu na jiko wala ndani ya gari lililoegeshwa juani.

2. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kisha kausha kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Msimu wa maembe mama mmoja alinijia mbio, mashine imesoma 17. Kumbe alikuwa ametoka kumenya maembe! Tulimnawisha, tukapima upya: 8. Ile sukari ilikuwa ya kidoleni. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi kuondoa utomvu wa tunda, na kidole chenye majimaji huzimua damu, majibu yakaonekana madogo.

3. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, siyo katikati, maana katikati panauma zaidi. Ning'iniza mkono kwanza damu ishuke. Usiminye kidole kwa nguvu. Badilisha vidole kila mara. Kisindano ni cha mtu mmoja, hata mume na mke wasichangie, kwa sababu homa ya ini hupitia humo. Vilivyotumika vitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko.

4. Gusisha tone kwenye ncha ya stripu. Itavuta damu yenyewe.

5. Soma namba pamoja na kipimo chake. Huku kwetu tunatumia mmol/L. Mashine uliyotumiwa na ndugu aliyeko Marekani huenda inasoma mg/dL: gawanya kwa 18. Kwa hiyo 126 yake ni 7 yetu, usizimie. Watu wazima wengi hulenga 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Mjamzito na mzee wana malengo yao, muulize daktari. Na usigombane na tofauti ndogo: mashine za nyumbani huruhusiwa kukosea kwa takriban asilimia 15, hivyo 8.4 na 7.8 mimi nazihesabu sawa.

6. Pima kwa jozi. Chagua mlo mmoja, tuseme ugali wa mchana. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Ikitoka 6 ikafika 13, tatizo liko sahanini: punguza ugali, ongeza mboga, na wiki ijayo rudia jozi hiyohiyo uone. Ikiwa 9 tangu asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, sahani ya mchana haina kesi, dawa ndizo za kuzungumzia. Andika namba, saa na ulichokula. Anayechoma insulini hupima mara nyingi zaidi, kadiri alivyoelekezwa.

7. Jua namba za hatari. Chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Mashine ikiandika HI haikusalimii. Sukari imepita uwezo wake wa kusoma, nenda hospitali.

Wanaofunga Ramadhani huniuliza kila mwaka: kutoboa kidole hakuharibu swaumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi.

Mwenye selimundu au upungufu wa damu amweleze daktari kabla ya kupimwa HbA1c, kwa sababu kwake kipimo hicho huweza kudanganya. Huyo daftari lake la jozi nalitegemea zaidi.